Vayoleti za kitalu cha hapa Malindi: nunua, ila badilisha udongo

Jamani nyie mnaoniuliza maua ya dirishani kwangu nimeyatoa wapi, ni kile kitalu kidogo cha kando ya barabara, yule mama anayeuza miche ya asumini na mikilua. Nilichukua vayoleti tatu (zile za Kiafrika, African violet), shilingi 400 kila moja, huu ni mwezi wa saba tangu nizinunue na mbili zinachanua mpaka leo, kwa joto letu hili mashallah.

Nilimuamini pale aliponiuliza kabla ya kupokea pesa, "Mwanangu, kwenu mwatumia maji gani?" Nikamwambia ya kisima. Akanambia basi kinga maji ya mvua, kisima chenu kina chumvi, itaganda nyeupe kwenye mdomo wa chungu na majani yakilalia pale vikonyo vinaoza. Tena usimwagie juu, maji ya baridi yakigusa lile jani la manyoya yanaacha madoa hayatoki. Akanipitishia utambi wa kamba ya nailoni kwenye tundu la chini, unaning'inia ndani ya kopo la maji na mmea unavuta wenyewe. Dirisha la mashariki, jua la asubuhi tu, lile la saa nane linababua.

Lawama yangu ni udongo. Mzito, wa shamba kabisa, haupitishi hewa. Ile nyeupe ililegea wiki ya pili nikadhani ina kiu nikazidi kuinywesha, kung'oa mizizi yote imeoza. Niliumia. Nikaokoa jani moja na kikonyo chake nikalichomeka kwenye mchanga, baada ya kama miezi miwili vikachomoza vitoto vinne. Zile mbili nikazihamishia kwenye makumbi ya nazi yaliyosagwa na mchanga kidogo, ila makumbi yaoshe sana kwanza maana mengi yameloekwa baharini.

Na kile kibao chake cha "maua ya Ulaya" naomba akitoe. Asili ya vayoleti ni huku kwetu Afrika Mashariki, Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alizikuta Usambara miaka ya 1890 akapeleka mbegu kwao, na zipo za mwituni kwenye miamba ya Cha Simba, Kaloleni, hapa hapa Kilifi, nazo ziko hatarini kutoweka!

Kama huna 400 muombe jani tu, anauza 50, ataling'oa mbele yako.