Pedali ya Infinity imeokoa vidole vyangu, kozi sijui

Nilianza kujifunza unukuzi wa kitabibu, yaani kuandika maneno ya madaktari kutoka sauti zilizorekodiwa, nikisimamisha sauti kwa kibodi. Daktari akimeza neno, naacha kuandika, narudisha nyuma, nasahau nilipofika. Baada ya miezi mitatu nikanunua pedali ya Infinity, ile ya USB, ya mtumba, kwa dada mmoja aliyeacha kazi hii. Ina sehemu tatu: ukikanyaga katikati sauti inacheza, kushoto inarudi, kulia inaenda mbele. Ukiondoa mguu, kimya. Ni nzito kiasi, isiteleze ovyo, ila sakafu yangu ni ya saruji, kwa hiyo nimeiwekea kipande cha mkeka. Express Scribe, programu ya kompyuta ya kuchezea sauti za kunukuu, iliitambua bila shida.

Kozi yenyewe, ya mtandaoni, jina silitaji. Video za kutiana moyo tele, sauti za mazoezi chache, tena safi kama taarifa ya habari. Daktari wa kweli huongea huku anatafuna! Hakuna aliyeniambia kwamba ileum ni utumbo na ilium ni mfupa wa nyonga, na sikioni zote ni moja. Hilo nililipata kwenye kamusi ya tiba, saa sita usiku, hedifoni zikinibana.

Pedali siiuzi. Ada ya kozi, wangenirudishia hata nusu.