Mtihani wa SQE na Adhabu ya Kufeli Mara Moja

Mtihani wa SQE (Solicitors Qualifying Examination), ambao tangu mwaka 2021 ndio njia kuu ya kuwa solisita, yaani wakili anayewashauri wateja na kuwaandalia hati, katika England na Wales, nimeufanya sehemu yake ya kwanza mara mbili. Kwa hiyo ninautathmini nikiwa nimeonja kufeli na kufaulu, na tathmini yangu inagusa pia ofisi za mawakili, kwa kuwa ndizo zinazoamua matokeo yatakufanya nini.

Sehemu hiyo ina karatasi mbili, kila moja ikiwa na maswali 180 ya kuchagua jibu lililo bora kati ya matano. Karatasi hugawanywa katika vipindi viwili vya dakika 153, na huruhusiwi kuingia na kitabu wala kijikaratasi. Sina ugomvi na maswali yenyewe: yanakuletea mteja mwenye tatizo na kukutaka uchague ushauri unaomfaa zaidi, ilhali majibu mengine mawili au matatu nayo yanaelekea kuwa sahihi. Kinachochosha ni mchanganyiko. Swali moja ni la wosia, linalofuata ni la hesabu za fedha za mteja, la tatu ni la dhamana ya mshtakiwa, na akili inalazimika kugeuka kila baada ya dakika moja na nusu hivi. Alasiri ya siku ya pili yangu iligoma, nikawa nasoma sentensi moja mara nne.

Nilifaulu karatasi ya kwanza, nikafeli ya pili. Kanuni za mtihani hapo zina busara, kwani unarudia ile uliyofeli tu, na una nafasi tatu ndani ya miaka sita. Ofisi iliyokuwa imenipa mkataba wa mafunzo haikuwa na subira hiyo. Barua yao ilikuwa na aya mbili: ya kwanza ilifuta mkataba, ya pili ilidai fedha za kujikimu nilizopewa wakati wa masomo. Hakuna aliyeniuliza nilipungukiwa alama ngapi.

Uamuzi wa namna hiyo ni wa pupa, hasa kwa mtihani ambao Novemba 2021, ulipofanywa kwa mara ya kwanza, waliofaulu walikuwa asilimia 53. Tena alama zenyewe huweza kukosewa. Aprili 2024 Kaplan, wanaouendesha, walikiri kwamba watahiniwa 175 walioambiwa wamefeli mtihani wa Januari walikuwa wamefaulu, na kwamba kosa lilikuwa katika kukadiria alama hadi namba iliyo karibu. Waliahidiwa pauni 250 kila mmoja. Mtu aliyefutiwa mkataba siku matokeo yalipotoka, pauni hizo zingemrudishia nini?

Mtihani ninaupa nne kati ya tano. Moja naipunguza kwa ajili ya ada, ambayo mwaka 2021 ilikuwa pauni 3,980 kwa sehemu zote mbili na imezidi kupanda. Ofisi inayofukuza kwa kufeli mara moja siipi hata moja.

Ukipata nafasi, usitie saini kabla ya kusoma kifungu cha kufeli, na uliza kwa maandishi unaruhusiwa kurudia mara ngapi na nani atalipa. Ofisi niliyopo sasa ilinijibu siku hiyohiyo kwa mistari mitatu, na nilipokwenda kuirudia karatasi ya pili mwezi Julai, ilinipa likizo ya wiki tatu yenye malipo.