ROK Straps kwenye pikipiki ya safari: mkanda mzuri, ukijua pa kuufunga

Mzigo wa kambi una ukorofi wake. Hema hubaki na hewa hata ukilikunja kwa nguvu zote, mfuko wa kulalia unabonyea kama mto, na mkeka wa kulalia ukishaviringishwa haupendi kutulia mahali pamoja. Asubuhi unafunga kila kitu kimekaza. Kilomita 20 mbele mtikisiko umetoa hewa, mzigo umenywea sentimita mbili au tatu, na kamba isiyovutika inaning'inia. Kwa tatizo hilo hasa, ROK Straps ni mikanda inayostahili pesa yake.

Kila mkanda una sehemu mbili zenye kazi tofauti. Moja ni mpira uliofunikwa kwa nyuzi zilizosukwa, nyingine ni utepe usiovutika ambao urefu wake unarekebishwa. Zinaungana kwenye kifungo cha plastiki cha kubofya, kama kile cha begi la mgongoni, na kila ncha inaishia kwa kitanzi. Mpira unaufuata mzigo unaponywea, na kwa kuwa ni sehemu tu ya urefu wote, hauupi mzigo nafasi ya kurukaruka kama mpira mtupu wa mita nzima.

Kwa mzigo mkubwa chukua ile ya upana wa milimita 25, inayorekebishwa kuanzia sentimita 45 hadi 150. Ipo pia ya milimita 16, ambayo mwisho wake ni kama sentimita 106. Hiyo nyembamba inatosha kwa koti la mvua au mkeka, lakini kwa begi kuu inakwama haraka. Begi la mviringo la lita 40 lenye kipenyo cha sentimita 30 lina mzunguko wa karibu sentimita 94. Mkanda haulizunguki lote, ni kweli, ila ongeza umbali wa kushuka mpaka kwenye fremu kila upande na utajikuta huna utepe wa kuvuta.

Kitanzi ndicho kinachoipa mikanda hii ubora mkubwa kuliko mipira ya kulabu. Kulabu hushika kwa sababu tu mpira unaivuta. Pikipiki ikidumbukia kwenye shimo na mzigo ukashuka ghafla, mvuto unapotea kwa nukta moja na kulabu inachomoka. Ikichomoka wakati unafunga, inarudi usoni kwa kasi, na majeraha ya macho yanayotokana na mipira hiyo yanajulikana sana. Kitanzi hakina pa kuchomokea. Unakizungusha kwenye bomba la fremu, unapitisha mkanda wote ndani ya kitanzi chenyewe, unavuta, basi. Vitanzi unaweza kuviacha kwenye fremu safari nzima. Kambini unabofya vifungo na kubeba begi.

Lakini mkanda ni imara kadiri ya kitu ulichoufunga. Sehemu za kuamini ni fremu ya nyuma, vishikio vya abiria vya chuma, keria iliyofungwa kwa boliti, na mabano ya kukanyagia abiria, mradi yameshikwa na fremu. Pikipiki nyingine ndogo zina kikanyagio hicho kwenye mkono wa gurudumu la nyuma. Usifunge hapo kamwe: mkono huo unapanda na kushuka pamoja na tairi, kwa hiyo mkanda utakaza na kulegea kila tuta. Indiketa, kibao cha namba na plastiki za pembeni haziwezi kubeba chochote. Ekzosi nayo iachie nafasi ya kutosha, ukikumbuka kwamba mzigo ukinywea mkanda unashuka. Nyuzi za sintetiki haziungui kwa moshi wa kukuonya; zinayeyuka kimyakimya mpaka zinakatika.

Kosa linaloonekana zaidi ni kupitisha mikanda miwili sambamba juu ya begi, kushoto kwenda kulia, na kuondoka. Hapo umezuia begi kupanda na kwenda pembeni, lakini hujazuia lisiteleze mbele unapofunga breki wala nyuma unapoongeza mwendo. Mkanda wa kwanza uanzie mbele ya begi upande wa kushoto na uishie nyuma yake kulia. Wa pili uanzie mbele kulia uishie nyuma kushoto, ili ikutane juu kama herufi X. Sasa kila pembe inavutwa upande wake. Begi refu lililolala kukatiza siti linahitaji mkanda wa tatu unaopita katikati, kwa sababu X peke yake inaruhusu ncha zipige kama mbawa.

Kukaza nako kuna kipimo. Vuta utepe mpaka mpira umenyooka waziwazi, kisha ubane kwa vidole: uwe bado unavutika kidogo na kurudi. Ukiuvuta hadi mwisho wake, umebaki na kamba ya kawaida na uwezo wa kufuata mzigo umeutupa. Usipovutika vya kutosha, begi litadunda. Halafu shika begi kwa mikono miwili ulisukume mbele, nyuma na pembeni kwa nguvu. Pikipiki yote inatakiwa itikisike kwenye shokapu zake kabla begi halijasogea peke yake. Likisogea hata sentimita mbili, fungua uanze upya. Na baada ya kilomita 15 hadi 20 za kwanza simama ukaze tena. Mkanda huu unakupa muda, lakini haukuondolei ukaguzi huo.

Utepe unaobaki usiuache ukipepea. Kwa mkanda uliorekebishwa mfupi, baki lake linaweza kuzidi nusu mita, na chini yake kuna cheni na spoku. Likinaswa na gurudumu linalozunguka, gurudumu la nyuma linaweza kujifunga ghafla. Likunje mara kadhaa na ulifunge kwa raba, au lisukume chini ya sehemu iliyokaza na upige fundo. Mahali utepe unapokatiza hewani bila kugusa mzigo, uzungushe nusu mzunguko kabla ya kufunga kifungo. Utepe bapa hutetemeka na kuvuma kwenye upepo, na mtetemo huo hulegeza na kusaga, ukiupinda, unanyamaza.

Udhaifu wa mikanda hii unaonekana kwenye vitu vizito na vigumu. Dumu la maji la lita 10 lina kilo 10, na uzito huo ukisukumwa na breki kali utauvuta mpira upendavyo. Hapo tumia utepe usiovutika wenye bano la meno yanayouma utepe usirudi, kwa sababu dumu halinywei na mpira hauna kazi. Chagua wa poliesta: wa nailoni hunyonya maji na kurefuka, kwa hiyo unaweza kulegea katikati ya mvua. Mikanda ya racheti, ile inayokazwa kwa kusukuma wenzo, ina nguvu kupita mahitaji. Mivuto miwili ya ziada inatosha kupinda nguzo za hema au bomba la keria. Neti ya mpira ibaki kwa glavu na koti juu ya mzigo ambao tayari umefungwa.

Kifungo cha plastiki nacho kinahitaji uangalizi. Kiweke juu au pembeni unapokiona, kamwe si chini ya begi wala mahali ambapo mgongo wako utakibonyeza. Mchanga ukiingia, kinabana kikionekana kimefunga kumbe jino moja limebaki nje. Sikiliza mlio wake na uvute kuhakikisha. Rangi ya pikipiki nayo ikinge kwa kitambaa safi au tepu chini ya mkanda, maana vumbi chini ya utepe unaotetemeka ni msasa.

Mikanda bora haitaokoa mpangilio mbovu. Keria nyingi zimeandikwa kikomo cha kilo 5 hadi 10, na kikomo hicho ni cha kweli. Nguzo za hema, jiko na zana viweke chini, ndani ya masanduku ya pembeni, karibu na katikati ya pikipiki. Begi kuu likae kwenye siti ya abiria, na kilicho nyuma ya ekseli kiwe chepesi tu, kama mfuko wa kulalia. Uzito ukirundikwa nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kuyumba kwenye mwendo mkubwa. Upepo wa tairi na ugumu wa shokapu urekebishe kwa viwango vya kitabu cha pikipiki kwa mzigo kamili.

Huuzwa kwa jozi, na jozi moja ni pungufu kwa kambi. Nunua mbili za milimita 25: mikanda mitatu ifanye kazi, wa nne ukae begini. Siku utakapoona nyuzi za juu zimechanika na mpira umechungulia, au mpira umebaki mrefu baada ya kuachiwa, mkanda huo mpe kazi ya kufunga turubai nyumbani, na wa akiba upande kwenye pikipiki.