Google Scholar au katalogi ya maktaba?

Tuseme unaandika tasnifu kuhusu kilimo cha mwani Zanzibar. Wanafunzi wengi hukimbilia Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma, na wana sababu: ni bure, iko hewani tangu 2004, na ukiandika maneno mawili matatu makala zinamiminika. Ninachoipendea hasa ni kiungo kinachoonyesha kazi nyingine zilizonukuu makala fulani. Ukipata makala moja nzuri ya zamani, kiungo hicho kinakupeleka kwa waliokuja baadaye kuikosoa au kuiendeleza. Katalogi nyingi za maktaba hazikupi hilo.

Lakini Scholar hukusanya zaidi kilichomo mtandaoni. Tasnifu iliyopigwa chapa miaka ya 1970, ripoti ya wizara, gazeti la zamani: hivi viko rafuni, na njia ya kuvifikia ni katalogi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo maalumu wa Afrika Mashariki. Mtafiti wa historia asiyeupekua anajinyima mengi. Katalogi pia hupanga vitabu kwa mada, kwa hiyo kitabu kinaweza kujitokeza hata kama jina lake halitaji mwani.

Kuhusu malipo: Scholar ikikuonyesha makala iliyofungwa, usitoe pesa kwanza. Huenda maktaba yako imeshailipia. Ingia kwenye mipangilio ya Scholar, uchague maktaba yako.

Kwa sayansi ya karibuni ningeanza na Scholar. Kwa historia, katalogi, bila kusita.