Mtungi gani wa gesi ubebe safarini, Malindi hadi Lamu

Gesi iliniishia Siyu, siku ya tatu ya safari ya kisiwa cha Pate, nikiwa nimeteleka wali wa watu wanane. Mtungi niliununua Malindi kwa bei nzuri, wa kampuni ambayo rangi yake sijaiona tena popote. Niliuzungusha kwa maduka mawili. Wa kwanza alitikisa kichwa tu. Wa pili aliugeuza, akasoma jina, akanirudishia: "Dada, huu nikiupokea nitaupeleka wapi?" Wali ule ulimalizikia kwenye makumbi ya nazi, na ulinuka moshi.

Tangu hapo kila anayeniuliza anunue mtungi gani wa safari, awe na gari la kulala ndani, Land Cruiser yenye hema juu au mashua ya kukodi, mimi humwuliza kwanza: unakwenda wapi, na ukiisha utaubadilisha kwa nani? Bei na ukubwa tutavizungumza baadaye.

Sababu yenyewe iko kwenye sheria. Kanuni za gesi za 2009 ziliwalazimisha wauzaji wa gesi nchini Kenya kupokea mitungi ya wenzao, na ndiyo maana vali zikafanywa za aina moja. Kanuni za 2019 ziliiondoa lazima hiyo. Leo mtungi hujazwa na kampuni yenye jina lake, au na nyingine iliyopewa idhini. Vali zimebaki kulingana, kwa hiyo hapa Malindi maduka mengi bado yatakubadilishia K-Gas kwa Totalgas, au Pro Gas kwa Afrigas, pengine kwa kuongeza kidogo. Lakini mwenye duka akipokea mtungi asioweza kuurudisha kwa mwenyewe, umemkalia dukani na pesa yake imo ndani. Mjini hulijui tatizo hilo. Ukishapita Garsen, muuzaji anakuwa mchaguzi, na ukivuka maji kutoka gati la Mokowe kwenda Lamu anachagua zaidi.

Basi kabla hujanunua, pata namba ya duka moja la gesi Lamu mjini, na jingine la Mpeketoni au Hindi kama ndiyo njia yako. Waulize mambo mawili: mnapokea mitungi gani, na ipi mnayo iliyojaa sasa hivi? Jina litakalotajwa na wote wawili ndilo la kununua, hata kama Malindi kuna lenye bei ndogo zaidi.

Sasa hesabu ya gesi yenyewe. Jiko la kawaida la kichwa kimoja, moto ukiwa mkubwa, hula kama gramu 150 kwa saa. Kilo 6 basi ni saa 40 hivi, kilo 3 ni saa 20, kilo 13 zinakaribia saa 90. Mtu na mwenzake wanaochemsha chai asubuhi na kupika mlo mmoja jioni watatumia saa mbili kwa siku, kwa hiyo kilo 6 zitawafikisha wiki mbili na zaidi. Kundi la watu wanane lenye vichwa viwili vinavyowaka saa tatu kila siku litazimaliza kabla ya wiki kwisha. Maharagwe usiyoyaroweka usiku yatakula gesi ya siku nzima, na hilo nimeliona mara nyingi kuliko mtungi kuvuja.

Chaguo langu la kwanza: kilo 6, miwili, ya kampuni moja

Mmoja unawaka, mwingine umefungwa na sili yake. Wa kwanza ukiisha unahamisha kichwa, yaani regulata inayopunguza nguvu ya gesi, kwa dakika mbili na kupika kunaendelea, kisha una siku kadhaa za kutafuta duka bila haraka. Mtungi wa kilo 6 uliojaa una uzito wa kilo 13 au 14 hivi. Mtu mmoja anauinua garini, hamali wa Mokowe anauteremsha ngazi za gati, na punda wa Lamu anabeba miwili, mmoja kila upande, bila kulemewa. Ndio mtungi unaobadilishwa sana katika nyumba za huku, na duka la kijijini likiwa na gesi, kwa kawaida litakuwa na huo.

Kwa safari ya gari nunua pamoja na regulata, mpira wa gesi wa mita moja au moja na nusu, na jiko la mezani la vichwa viwili. Usihadaike ukanunua regulata ya mtungi wa kilo 13 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani: kichwa cha kilo 6 hufungwa kwa kuzungusha, na cha kilo 13 hubanwa hadi kilie. Moja haiingii kwenye nyingine. Ijaribu palepale dukani kwenye mtungi utakaouchukua, uwashe na kuzima, ndipo ulipe.

La pili: kilo 6 mmoja na meko juu yake

Huu ndio mtungi wa vijana wengi, wenye kichwa cha moto kilichofungwa moja kwa moja juu na kikalio cha sufuria. Hauna mpira wa kukatika wala regulata ya kupoteza. Kwa mtu mmoja au wawili wanaopikia nje, ufukweni Mambrui au kambini Watamu, unatosha kabisa na ndio rahisi kuliko yote.

Siupendi kwa mambo mawili. Sufuria kubwa juu ya mtungi uliosimama mchangani hupinduka. Weka kipande cha ubao chini na usizidishe sufuria ya lita tano. Na usiuwashe kamwe ndani ya gari. Moto uko juu ya gesi yenyewe, na ukitokea mvujo shingoni huna pa kukimbilia.

La tatu: kilo 13

Unawafaa wanaokaa mahali pamoja: gari lililoegeshwa Malindi mwezi mzima, au mpishi wa kundi kubwa anayekwenda Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala na kurudi. Gesi yake kwa kilo huwa nafuu kidogo. Lakini chuma chake peke yake hukaribia uzito wa gesi iliyomo, na ukijaa ni mzigo wa watu wawili. Nimeuona ukiteremshwa gatini kwa kamba na watu watatu, wimbi likipandisha boti na kuishusha. Sitaki kuuona tena. Kwa visiwani, uache.

La nne: kilo 3

Mwepesi, mzuri kwa macho, unaingia chini ya kiti. Shida ni kuubadilisha, maana maduka mengi madogo hayauweki. Anayekwama nao hushawishika kujaziwa kienyeji, mtungi mkubwa ukipinduliwa juu ya mdogo kwa mpira. Tafadhali usifanye hivyo, na usisimame karibu anapofanyiwa mwingine. Mtungi hujazwa hadi kama asilimia 80 tu, ili gesi iliyo maji ipate nafasi ya kutanuka joto likipanda. Anayejaza kwa kukisia hana mizani wala kikomo, na mtungi uliojazwa pomoni ukaachwa ndani ya gari juani unatafuta pa kutokea. Tuliona Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi iliyokuwa ikishughulikiwa mahali pasipo na kibali inaweza kufanya nini kwa mtaa mzima.

Vikopo vya butane vya gramu 220 hivi, vya jiko la mkobani, nakuwa navyo viwili kwa chai ya njiani tu. Havijazwi tena, na nje ya miji mikubwa usivitegemee.

Anayekuja na mtungi wa Ulaya

Wageni wanaoshusha magari yao Mombasa hufika hapa na mitungi yao wakiulizia pa kujaza. Calor ni ya Uingereza, haibadilishwi hapa. Campingaz 907, ule wa buluu wenye kilo 2.75, duka la Malindi halitaupokea. Mitungi ya kujaza mwenyewe kama Gaslow na Safefill ni mizuri sana kwao: mwenye gari hujaza kwenye pampu kituoni, na vali hufunga yenyewe ikifika asilimia 80. Safefill hata unaona gesi imefika wapi, kwa kuwa si ya chuma. Ila huku kwetu mtungi hubadilishwa dukani, haujazwi pampuni, na ukiwa mtupu unabaki mzigo.

Ninachowashauri ni kuuacha wa kwao umefungwa na kununua kilo 6 wa hapa pamoja na regulata yake, kisha fundi wa gesi auunganishe na bomba la gari. Magari mengi mapya ya Ulaya hutumia shinikizo la milibari 30. Namba hiyo imeandikwa kwenye kibandiko karibu na kabati la gesi, na regulata utakayonunua nayo imegongwa ya kwake. Zilinganishe kabla fundi hajafunga chochote. Mjadala wao wa ipi bora kati ya gesi mbili, butane na propani, hauna maana pwani: butane hukataa kugeuka mvuke baridi ikikaribia sifuri, propani huvumilia hadi nyuzi 42 chini ya sifuri, na sisi hapa usiku wa Julai tunajifunika shuka moja.

Unaponunua

Pima. Kwenye ukosi wa mtungi kumegongwa uzito wa chuma kitupu, mara nyingi baada ya herufi TW. Jumlisha na kilo za gesi, na mizani iseme hivyo. Mwaka juzi nilinunua kilo 6 kwa muuzaji wa kando ya njia, sili imekaa sawa, nikapita nao bandarini kwa mzee anayepima samaki. "Ami, nipimie na huu," nikamwambia. Akautundika kwenye ndoano palepale alipotundika kolekole. Uliandikwa 7.4, kwa hiyo nilitarajia 13.4. Mshale ukasimama 11.9. Kilo moja na nusu ya gesi haikuwemo, na sili ilikuwa nzima! Niliurudisha, tukabishana, nikapewa mwingine, na huo nao nikaupima.

Angalia pia kutu, hasa chini kwenye pete ya kukalia, ambako chumvi hula kwanza. Rangi mpya iliyopakwa juu ya vishimo vya kutu ipitie kwa kidole; utavihisi. Fungua kofia utazame oringi, ile pete ya mpira ndani ya vali: ikiwa imepasuka au haipo, mwambie muuzaji abadilishe mtungi, usikubali kupewa oringi ukaitie mwenyewe.

Kuubeba

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haitoki dirishani, hutambaa sakafuni na kukaa. Nahodha mmoja wa Lamu alinifundisha hili vizuri kuliko kitabu, alipokataa mtungi wangu usiingie chini ya sitaha. "Mwanangu, gesi ni kama mai, hushuka tini. Ikingia ngama, na mashini iko kuko, hatufiki." Ngama ni tumbo la chombo, chini kabisa. Tukaufunga wima nyuma, karibu na usukani, kwenye upepo, umefunikwa turubai isiyoubana. Tangu hapo hivyo ndivyo ninavyofanya katika kila chombo.

Kwenye gari, mtungi usimame wima, umefungwa kwa mkanda, ndani ya kabati lenye tundu sakafuni linalotokea nje. Magari ya kambi ya Ulaya hutengenezwa hivyo, na fundi wa bodi hapa Malindi akielezwa atakutobolea na kuweka wavu wa kuzuia panya. Mtungi ukilala, gesi iliyo maji huingia kwenye regulata na moto huruka. Funga vali yenyewe kabla ya kuondoka, usitegemee swichi ya jiko. Barabara ya lami hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 200, na mtikisiko wa saa kadhaa hulegeza kilichokazwa kwa mkono.

Kwa hiyo ukifika, kabla hujawasha, koroga sabuni na maji, upake shingoni, kwenye regulata na kwenye klipu mbili za mpira, halafu fungua vali uangalie. Mwezi wa Novemba nilifanya hivyo chini ya mti wa mkungu pale Mokowe tukingojea boti. Shingoni palikuwa kimya. Kwenye klipu ya upande wa jiko povu lilivimba dogo, likapasuka, likavimba tena, taratibu kama mtu anayepumua usingizini. Pua yangu haikuwa imenusa kitu. Mpira ulikuwa umekakamaa kwa jua, na ukiukunja unaona nyufa nyembamba kama za udongo mkavu. Nilikata kipande kilichochoka, nikachomeka upya penye uzima, nikakaza klipu kwa bisibisi na kupaka sabuni mara ya pili. Safari hii halikuvimba, na tulipofika Lamu mpira mpya ulikuwa kitu cha kwanza nilichonunua.