Mwanafunzi hodari wa afya na ustawi wa jamii: umsogeze mbele au umpe kisa?

Akimaliza zoezi kabla ya wenzake, walimu wengi humpa sura inayofuata. Ni rahisi, naye hufurahi. Lakini kukariri mapema ngazi za mahitaji ya binadamu alizoeleza mwanasaikolojia Maslow mwaka 1943 hakumfanyi ajue kuzitumia.

Mimi humpa kisa. Bikizee wa miaka 78, ana kisukari, kafiwa na mume juzijuzi, hataki kuoga na humfukuza mhudumu. Mwanafunzi huandika fasta: "Ashawishiwe aoge." Namuuliza: na haki yake ya kukataa je, ikiwa akili yake ni timamu? Kalamu inasimama. Anarudia mawazo ya daktari George Engel, aliyependekeza mwaka 1977 tutazame mwili, nafsi na jamii kwa pamoja, na safari hii swali lake la kwanza ni: bibi anaogopa nini bafuni?

Kusogea mbele kuna faida moja ya kweli: anayelenga uuguzi au udaktari hupata msingi wa anatomia mapema, na huyo simzuii. Ila kwa wengi nachagua kisa, ingawa kusahihisha majibu yake hunila jioni nzima; hakuna mwongozo wa majibu wa kunakili.