Uzoefu wangu na taa ya kukuzia miche ndani, Dodoma

Mwezi wa sita niliagiza taa ya LED ya kukuzia mimea kutoka Kariakoo, shilingi 95,000, mzigo nikaupokea stendi ya Nanenane. Watu wananiuliza: jua lote hili la Dodoma, taa ya nini? Shida yangu si jua, ni upepo. Msimu huu unavuma na vumbi lake, usiku baridi, na mche wa nyanya wenye majani mawili ukiuacha uani asubuhi, jioni unaukuta umelala, kama kuku wa jirani hawajauwahi. Basi stoo ikageuka kitalu.

Nianze na uongo. Sanduku limeandikwa wati 600. Nikazima kila kitu ndani, friji mpaka chaja, nikaiacha taa peke yake kwa saa 10. LUKU ikashuka uniti 0.6. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, basi 0.6 kwa saa 10 ni wati 60. Nilipompigia muuzaji akasema, "Ni nguvu sawa na 600, bosi." Kwa hesabu ipi, hakusema.

Karatasi ya maelezo nayo ina kituko chake. Imechorwa jani la bangi, na ratiba ni ya bangi hiyo hiyo: saa 18 za mwanga mmea ukiwa unakua, kisha 12 za mwanga na 12 za giza utoe maua. Kuilima hapa nchini ni kosa la jinai, na sheria ya dawa za kulevya ya 2015 haina utani. Ila hata ukiliweka hilo pembeni, ratiba hiyo haimfai mwenye nyanya. Bangi kwa kawaida husubiri usiku urefuke ndipo ichanue. Nyanya haihesabu saa, ikikomaa inachanua. Huku kwetu mchana hauendi mbali na saa 12 mwaka mzima, na nyanya zinazaa tu.

Kosa langu mwenyewe: niliona mwanga ukizidi na ukuaji utazidi, nikaiacha inawaka usiku kucha. Siku ya kumi majani ya nyanya yakaanza umanjano katikati ya mishipa. Saladi kwenye trei ya pembeni haikujali kabisa. Sasa inawaka saa 11 alfajiri na kuzima saa 3 usiku, yaani saa 16, uniti moja kasoro kidogo kwa siku. Mimi ninayenunua uniti kwa shilingi 350 na ushee, inanila kama 10,000 kwa mwezi. Uliye kwenye bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, piga hesabu kwanza, taa hii inaweza kukutoa humo.

Na usinunue taima ya kuzungusha kwa mkono. Umeme ukikatika kwa muda wa saa mbili, nayo inasimama muda huo huo, na ratiba yote inasogea. Niliamka siku moja saa 1 asubuhi miche bado iko gizani.

Mwanzo niliitundika taa mita moja juu, miche ikakimbilia juu, shina kama uzi. Nikaishusha mpaka sentimita 30, trei iliyofuata ikatoka fupi na nene. Naweka kiganja juu ya majani. Kikipata joto, naipandisha. Wiki ya nne naanza kuizoesha miche jua la nje, asubuhi kwa muda wa saa moja, naongeza kidogo kidogo kwa siku saba. Trei ya kwanza sikufanya hivyo, ikababuka mchana mmoja.

Nikinunua nyingine itakuwa ya mwanga mweupe. Hii ni zambarau, na chini yake huoni jani la njano mpaka uizime. Halafu inaonekana barabarani. Jioni moja mwenyekiti wa mtaa akapiga hodi.

"Kijana, hiyo taa ya stoo ni ya nini?"

"Shikamoo mzee. Karibu uone."

Akainama, akasugua jani kwa vidole, akanusa. "Nyanya kabisa," akasema, nusu kama aliyetarajia kingine. Aliondoka na miche kumi, na kila tukikutana ananiuliza miche ya hoho itatoka lini.